Lady Jaydee ni wa Nani?

Ukikaa na watu wa Shinyanga ukamtaja Lady Jaydee, humkosi mmoja wa kukwambia, "Huyo wa kwetu." Ni kweli, Judith Wambura alizaliwa Shinyanga mwaka 1979. Swali linalofuata ndilo linanisumbua: "Sasa katufanyia nini?"

Naelewa linakotoka. Huku tumezoea vitu kuondoka. Almasi ya Mwadui inachimbwa tangu mwaka 1940, na mgodi mkubwa wa Geita ulianza kutoa dhahabu mwaka 2000, miaka ileile ambayo albamu ya Machozi ilikuwa inamtambulisha Jaydee kwa nchi nzima. Mtu anayeona mali inapita mlangoni kwake huku barabara yake bado ni vumbi ana haki ya kuuliza mrabaha uko wapi. Ila tunamuuliza binadamu swali la jiwe. Dhahabu ilikuwa dhahabu tayari, imelala tu chini. Sauti ya Jaydee haikuokotwa Shinyanga ikiwa imekamilika. Ilipikwa Dar, kwenye studio za kinanda cha umeme na kompyuta, enzi ambazo wasichana wa Bongo Fleva uliwahesabu kwa vidole, na baadaye ikakomaa jukwaani na Machozi Band. Hata mgahawa wake aliuita Nyumbani, na ulikuwa hukohuko Dar. Kuna wanaoona hiyo kejeli. Mimi naona kajibu.

Na Wasukuma wanalijua hili zamani. Kwenye ngoma za Bagika na Bagalu huulizwi ulizaliwa wapi, unaulizwa uliingia upande gani. Mnashindana uwanja mmoja, anayevuta umati mkubwa ndiye kashinda. Umati unakwenda kwa anayeujua wimbo, basi. Leo manju kibao wa Kisukuma wanaimba juu ya kinanda na hakuna anayewaambia wamehama kabila.

Kama kuna deni, tulitafute kwenye vitabu vyetu kwanza. Nyimbo zake zimewaliwaza watu saluni Kahama, ndani ya mabasi, hata kwenye makarasha ya kusaga mawe, nyingi zikiwa zimerushwa simu kwa simu. "Wa kwetu, wa kwetu," huku mtu anampa kijana wa kibandani memori kadi ajaziwe albamu nzima. Kijana analipwa chake. Mwenye sauti hapati hata mia.