Zima Pampu, Zamu Si Yako!

Wewe unayevuta maji ya Ewaso Nyiro, simama! Sikiliza! Zima pampu!

Huwezi kusema hukujua. Unajua mto unatoka Mlima Kenya na milima ya Aberdare. Unajua unapita Archers Post, unapita Merti, unashuka hadi kinamasi cha Lorian karibu na Habaswein. Unawajua wanaoungoja huko. Na bado kila kiangazi unatega bomba usiku, unapanua mtaro, unaziba mkondo kwa magunia ya mchanga, ukijiambia utaacha msimu ujao.

Msimu ujao upi? Mara ngapi mto umekauka Archers Post huku mashamba ya juu yamestawi?

Wala usidhani madhara yanaishia kwenye mchanga mkavu! Maji yanayozama kuanzia Merti hadi Lorian hulisha, taratibu mno, hazina iliyo chini ya ardhi. Hazina hiyo ndiyo uhai wa Ifo, kambi ya wakimbizi huko Dadaab. Hapana mto Ifo. Tangu kambi ifunguliwe mwaka 1991, watu wamenyweshwa na visima virefu, zaidi ya mita 100 kwenda chini. Mama anayepanga mitungi yake ya lita 20 alfajiri huenda hajawahi kuuona Mlima Kenya. Ukizuia mto, umemzuia yeye.

Na wewe wa huku chini, usishangilie mwenzako akikemewa! Nawe una pampu!

Kambi za Dadaab zilipangiwa watu 90,000. Leo wamo mamia ya maelfu, na wenyeji, na mifugo yao, wote juu ya hazina moja. Maji matamu yako katikati, ya chumvi yameyazunguka. Vuta kupita kiasi, chumvi itasogea. Chimba kisima ubavuni mwa kisima, chumvi itasogea. Iache mashine ingurume usiku kucha, chumvi itasogea! Ikishaingia, ngamia atavumilia. Mtoto mchanga hataweza.

Mji wa Wajir una kiu ya kweli. Visima vyake vifupi vina chumvi na uchafu. Ulipokuja mpango wa kuupelekea maji kwa bomba kutoka Habaswein, zaidi ya kilomita 100, watu wa Habaswein walipinga wakihofia visima vyao. Simwoni mwovu hapo. Naona ndugu wawili wenye kiu, na kila mmoja ana haki. Basi kaeni chini! Pimeni maji kwanza, kubalianeni kiasi, ndipo mlaze bomba!

Unakijua kisa cha Nabii Saleh. Umekisikia tangu madrasa. Watu wake, Thamudi, waliambiwa maji ni kwa zamu: siku ya ngamia, siku yao. Hawakunyimwa maji. Walinyimwa kuyamiliki peke yao tu, na hilo likawashinda, wakamuua ngamia. Walipewa siku tatu, kisha wakaangamia. Wewe umepewa misimu mingapi?

Usiniambie una kibali. Kibali hakijazi mto. Usiniambie jirani naye anaiba. Hutaulizwa ya jirani. Usiniambie wale ni wakimbizi. Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inampa haki ya maji safi na ya kutosha kila mtu. Haikusema kila raia!

Rudi leo, kungali na maji ya kugawana! Chimba silanga uvune mvua inaponyesha, wala usingoje kiangazi uuvamie mto. Ng'oa bomba la usiku. Mkaribishe mfugaji wa chini akae kikaoni pamoja nawe.

Kesho asubuhi, kabla ya kuwasha mashine, nenda kwa jumuiya ya watumiaji maji wa mto wako. Uliza zamu ya walio chini ni lini. Siku hiyo ikifika, zima pampu, uache maji yapite!