Je, Lugha Nyingi Humchanganya Mtoto?

Wapo wazazi na walimu wasemao kwamba mtoto mwenye lugha nyingi akili yake hugawanyika, hivyo heri lugha ya nyumbani isahauliwe upesi. Ndugu msomaji, yafaa tulipime dai hili, maana likiwa si kweli, wanaodhulumiwa ni watoto.

Zamani wataalamu wengi wa Ulaya na Marekani nao walisema hivyo. Lakini mwaka 1962 Elizabeth Peal na Wallace Lambert walitangaza matokeo ya kuwapima watoto wa miaka 10 mjini Montreal, Canada: wale waliozimudu sawasawa Kifaransa na Kiingereza waliwashinda wenzao wa lugha moja katika majaribio ya akili. Lishike neno hilo “sawasawa”. Watoto wale hawakunyang’anywa lugha moja ndipo wapewe nyingine.

Sasa tutazame kwetu. Katika bonde la Lumuma, wilayani Kilosa, vitunguu hulimwa kwa maji ya mifereji. Mtoto wa Kisagara hujifunza habari za maji, udongo na ujirani kwa lugha ya mama yake. Shule ya msingi humfundisha kwa Kiswahili, kama ilivyoamriwa mwaka 1967. Hatua hiyo si ngumu mno, kwani lugha hizo mbili ni ndugu wa Kibantu (ijapokuwa wanaomcheka kwa lafudhi yake huifanya ngumu bure). Afikapo Kidato cha Kwanza, karibu masomo yote hugeuka kuwa ya Kiingereza, lugha asiyoisikia sokoni wala shambani. Yule awezaye kueleza kwa nini kitunguu huoza penye maji yaliyotuama sasa hukaa kimya darasani, na kimya chake huhesabiwa ujinga. Je, hiyo ni hukumu ya haki?

Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, chini ya Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kitumike hata sekondari, Serikali haikukubali. Watetezi wa Kiingereza husema kwamba hufungua hazina ya elimu ya dunia. Ni kweli. Ila kujifunza lugha ni jambo moja, na kufundishwa kila kitu kwa lugha usiyoijua bado ni jambo jingine.

Kurani Tukufu, katika Sura ya 30, inahesabu kuhitilafiana kwa lugha zetu miongoni mwa Ishara za Mwenyezi Mungu. Basi amwadhibuye mtoto kwa kusema lugha ya kwao, anaadhibu kosa gani?

Mzazi asiyejua Kiingereza naye anaweza kumwuliza mwanawe kila jioni amejifunza nini, naye ajibu kwa lugha ya nyumbani. Akishindwa, ujue ameleta maneno matupu, na kesho yake mwalimu aulizwe.