Mlima Ulianza na Manyoya ya Mbuni

Wajukuu wangu wa Kitui na Makueni,

Mchoro mlioniletea nimeutazama. Mzungu amesimama kilimani, kofia kichwani, kidole kimeelekea mlimani; Mkamba yuko nyuma amejitwika mzigo. Mkono wenu mwepesi, rangi zimekaa. Lakini jicho mmeazima kwa mgeni.

Hebu tuanze upya. Tarehe 3 Desemba 1849, Mzungu huyo, Johann Ludwig Krapf, aliuona mlima ule akiwa huku Kitui, kwa mwenyeji wake Kivoi, tajiri wa pembe za ndovu ambaye misafara yake ilifika Mombasa. Kivoi ndiye aliyetangulia kumsimulia habari za mlima huo. Wakamba waliuita Kiinyaa, kwa kuwa theluji na miamba myeusi iliwakumbusha manyoya ya mbuni dume. Nchi nzima leo, Kenya, inaitwa kwa jina hilo. Basi kuna mtu wa huku, kabla ya penseli zenu, aliyetazama mlima akaona manyoya. Huyo ndiye fundi mwenzenu, anzieni kwake. Wekeni unyoya mmoja mweusi, mmoja mweupe, mlima utajitokeza.

Ila msimfanye Kivoi malaika. Alikuwa na watumwa. Wachoreni nao, na muwape nyuso.

Agosti 1851 Kivoi aliuawa na wanyang'anyi akiwa safarini na Krapf kuelekea mto Tana. Krapf akatoroka peke yake, kiu imemkaba, akajaza maji kwenye mitutu ya bunduki yake na kuziba kwa nyasi. Bunduki imegeuka kibuyu! Ichoreni kando ya kibuyu cha nyanya yenu. Watu watacheka, kisha watanyamaza.

Nanyi wa Makueni, mnapochora reli, msikwame kwenye injini ya treni. Reli ilileta Masingasinga, na hekalu lao la Makindu, lililojengwa 1926, hadi leo humpa msafiri chakula bila kumuuliza dini. Choreni sahani ile.

Ruwaza mnazozisaka kwenye intaneti zimo kwenye kigoda cha babu, kile kilichopambwa kwa nyaya zilizopigiliwa kwenye mti. Kikalieni, kisha mkigeuze mkitazame.

Na kabla ya kuchapa, pelekeni kazi sokoni Kalundu, mbele ya mama muuza ndengu. Akisema, "Picha nzuri," rudini mezani. Akianza kubishana nanyi kwamba marehemu babake alisimulia vingine, kaeni chini, fungueni daftari.