Kunguni wa Kitanda Kile

Mwezi uliopita nilihudhuria semina ya makocha wa maisha na kazi, Dar es Salaam, kwenye ukumbi wenye kiyoyozi cha kututetemesha. Mtoa mada akapaza sauti: "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake!" Makofi. Kisha akatafsiri: mteja hatakuamini mpaka ajue nawe umepita alikopita. Kwa hiyo kila kikao kianze na hadithi yako, ulivyofilisika, ulivyoachwa, ulivyoinuka. Watu wakainamia madaftari. Mimi kalamu ilinigomea.

Methali hii haimpi mtu cheo kwa kuwa aliwahi kulala mahali. Inamnyang'anya neno. Anayeambiwa ni yule aliyesimama mlangoni, kaona shuka imenyooshwa na foronya imetariziwa, akaanza kusema mwenzetu unalala raha. Na neno la kupima hapo ni hilo "wake". Ni kunguni wa kitanda kile, si kunguni kwa jumla. Waliolalia vitanda vya kamba, vile vya teremka-tukaze, wanajua mdudu anavyojibana kwenye mafundo na kwenye tundu la tendegu, akangoja taa izimwe. Kitanda cha mbao kina nyufa zake nyingine. Aliyeumwa kule, huku bado ni mgeni. Alichojua ni kwamba kunguni wapo, na hilo hata mtoto analijua.

Nitaulizwa: kwani aliyefiwa hamwelewi mfiwa mwenziwe? Anamwelewa, nakubali. Lakini mtazameni matangani. Aliyezika juzi huja akakaa jamvini, akashika mkono, basi. Anayesimulia misiba yake kwa kirefu mara nyingi ndiye anayesubiri pilau.

Nasema haya nami nina doa. Miaka kadhaa nyuma alinijia mama mwenye kibanda cha ushonaji, mafundi wake wanne wanaondoka mmoja mmoja. Hata sentensi ya pili hajaimaliza, nikamkatiza: "Dada, hayo yalinikuta." Nikammwagia habari za duka langu lililokufa, dakika ishirini kwa saa ya ukutani. Alisikiliza kwa adabu, akafungua pochi, akanilipa, hakurudi. Tulipokutana baadaye sokoni ndipo aliponiambia (na ameniruhusu kuyasimulia, bila jina) kwamba mumewe alikuwa akichota pesa za mishahara. Siku ile alikuja amejikaza kulisema hilo. Kunguni haruki wala hapai, husafiri kwenye mizigo ya wageni. Mimi nilimtua wangu kitandani kwake, nikamtoza na ada.

Wanaodhani kusikiliza ni uvivu wa kocha wamkumbuke Timothy Gallwey, Mmarekani aliyefundisha tenisi, ambaye kitabu chake cha 1974 kinahesabiwa miongoni mwa misingi ya kazi hii. Aliona kwamba akipunguza maelekezo, mchezaji anajifunza haraka zaidi. Akawataka wanafunzi waseme tu mpira unapodunda na unapogonga raketi. Basi. Mwili ukajirekebisha wenyewe. Raketi ilikuwa mkononi mwa mwanafunzi, si mwake.

Sisi leo tunapenda kushika raketi, tena tupigwe picha tumeishika. Mteja analia saa nne asubuhi, saa sita machozi yake yako kwenye status ya kocha, yamewekewa muziki, eti ushuhuda. Shirikisho la kimataifa la makocha, lililoanzishwa 1995, limeandika wajibu wa kutunza siri katika maadili yake, lakini hatukuhitaji kuletewa hilo kutoka nje. Somo wa pwani aliyemfunda mwari akatoka kwenda kutangaza ya chumbani, nani angempelekea mwari wa pili? Uhusiano na mteja tunautafuta kwenye maneno mengi na kadi za biashara zenye nakshi, na mtu mwenyewe amekaa mbele yetu, amefumba mdomo kwa kuwa sisi hatujafumba wetu.

Kipindi cha maswali kilipofika nilinyoosha mkono, nikayasema haya kwa ufupi. Mtoa mada alinisikiliza nusu.

"Kaka, nakuelewa kabisa," akasema, akisogeza maiki karibu na mdomo. "Hata mimi nilikuwa hivyo hivyo, mwaka ule nilipofilisika…"