Deni la Mwenye Kuuliza

Kujifunza ni kuuliza, na kila swali lina deni. Nakuomba, msomaji kijana, uupime usemi huu kwa mifano miwili: mmoja wa mbali sana na Nairobi, na mwingine wa Nairobi yenyewe.

Katika visiwa vya Svalbard, milki ya Norwei karibu na Ncha ya Kaskazini, iko ardhi ya mgando wa daima. Ardhi huitwa hivyo ikiwa imekaa katika baridi ya nyuzi sifuri au chini yake kwa miaka miwili mfululizo au zaidi. Katika miezi ya joto tabaka lake la juu huyeyuka, majani huota na maua huchanua. Mpita njia hudhani amekanyaga udongo kama wa shambani kwao. Miezi hiyo wanafunzi wa chuo kikuu huenda huko kujifunza. Huchukua ufito wa chuma, wakauchoma ardhini mpaka ugote kwenye mgando, wakapima kina na kuandika. Hatua chache mbele wakachoma tena. Kazi hii yatuhusu hata sisi. Ardhi ya mgando duniani imefungia kaboni karibu mara mbili ya ile iliyomo hewani. Ikiyeyuka, sehemu ya kaboni hiyo hutoka ikazidisha joto la dunia, na hewa haina mpaka.

Sasa rudi nami Kibera. Kwa miaka mingi ilisemwa na kuandikwa kuwa mtaa huu una watu milioni moja au zaidi. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu watu pungufu ya 200,000. Hesabu hiyo ilibishiwa. Lakini ile milioni haikuwa hesabu, ilikuwa kisio lililonakiliwa. Walioinakili waliyatazama mapaa ya mabati kama mpita njia atazamavyo maua ya Svalbard. Mwaka ule ule vijana wa Kibera walipita vichochoroni na vyombo vipokeavyo ishara za setilaiti, wakaandika shule, zahanati, vyoo na mabomba ya maji, wakachora ramani ya mtaa wao wenyewe. Hao walichoma ufito.

Lakini mtu si ardhi. Udongo ukichomwa hauoni haya. Mama wa Kawangware akiulizwa na mgeni jana amekula nini na amezika watoto wangapi, moyo wake huuma. Mgeni hufunga daftari akaenda zake. Mwakani huja mwingine na maswali yale yale. Je, wametenda haki?

Yuko atakayejibu kuwa elimu ni mali ya wote, na faida yake itamfikia mama huyo siku moja. Jibu hilo latosha kwa barafu. Kwa mtu halitoshi. Aliyekufunulia siri ya nyumba yake anastahili kuwa wa kwanza kuambiwa ulichokipata. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji aulizwe tu.

Huenda kesho ukatumwa kwenye barafu, au kwenye mlango wa jirani. Kotekote pima, usikisie. Lakini mlangoni, ukiisha kupiga hodi na kujibiwa, jua kuwa safari yako haijaisha mpaka urudi.