Magofu ya Wamaya na Hati za Wazee Wetu

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Aliyemtukuza mwanadamu kwa elimu.

Ama baada ya hayo. Enyi ndugu zetu, Kitabu chetu chatuhimiza kutembea katika ardhi, si kwa matembezi matupu, bali tupate mazingatio kwa hali za waliotutangulia. Basi leo twawapeleka mbali, Mexico, Guatemala na Honduras, kwenye magofu ya miji ya Wamaya.

Chichen Itza lipo hekalu la mawe lenye ngazi pande zake nne, kila ngazi ina vidato 91; ukiongeza na kidato cha juu wapata 365, hesabu ya siku za mwaka. Karibu yake lipo jengo la mviringo ambalo madirisha yake, wasema wataalamu wengi, yalitumiwa kuitazamia Zuhura. Na huko Tikal lipo hekalu lipatalo mita 65 kwenda juu, lililojengwa katika karne ya 8. Hatusemi haya kwa kuisifu ibada yao, kwani waliabudu miungu mingi na walichinja watu kuwa sadaka. Lakini haki ni haki: walikuwa watu wa hesabu na wa kalamu.

Na ibra kubwa iko Copan. Hapo pana ngazi iliyochongwa alama za maandishi zaidi ya 2,000, zikieleza khabari za wafalme wao. Sehemu kubwa ya ngazi hiyo iliporomoka, na ilipojengwa upya katika miaka ya 1930 mawe mengi yalirudishwa pasi na taratibu, kwani hapakuwa na aliyeweza kuyasoma ila tarehe na hesabu. Wamaya wenyewe hawakwisha. Mamilioni wa hai hata leo, na lugha zao wazisema. Kilichokatika ni kusoma.

Kilikatikaje? Mwaka 1562, katika mji wa Maní, padri wa Kihispania, Diego de Landa, alivikusanya vitabu vyao akavitia moto, akiona kuwa aitumikia dini. Leo vijulikanavyo ni vinne tu. Na ajabu ni kuwa herufi chache alizoziandika padri huyo huyo ndizo zilizomsaidia Mrusi Yuri Knorozov, mwaka 1952, kufungua mlango wa kuyasoma maandishi yale. Padri hakukosa bidii. Alichokosa ni subira ya kujua kabla ya kuhukumu.

Nasi watu wa mwambao tusimcheke. Kitabu hakifi kwa moto peke yake. Hufa kwa mchwa, na hufa kwa kukosa msomaji. Mashairi, nasaba na mafunzo waliyoyaandika wazee wetu kwa herufi za Kiarabu yangali masandukuni mwa nyumba nyingi, na vijana wetu wengi hawawezi kuyasoma.

Basi mwenye hati na aitoe, ainakili, na amfundishe mwanawe kuisoma. Na asiyejua yaliyomo asiitupe wala asiichome, ajapoishuku, mpaka amwulize mwenye elimu. Tusipofanya hivyo, wajukuu wetu watasimama mbele ya makaburi ya wazee wao kama wageni wasimamavyo Copan: wataona mawe mazuri, wasijue yasemayo.

Mola atujaalie kuwa wenye kuzingatia. Amin.