Mola Mlezi na Chembe za Damu

Ndugu mmoja aliyeingia Uislamu si zamani aliniletea swali. Mama yake, ambaye angali Mkristo, amelazwa na anahitaji damu. Lakini wazee wa ukoo wamesema kwamba damu ya mtu aliyeiacha dini ya nyumbani haifai kuingia katika mwili wa mama huyo. Naye mwenyewe alihofu kwamba akitoa damu atabaki na upungufu maisha yake yote.

Katika kila rakaa ya sala sisi humtaja Mwenyezi Mungu kwa sifa ya Rabb. Wengi hulifasiri neno hili kuwa Bwana tu, na tafsiri hiyo ni pungufu. Rabb ni Yule aumbaye kitu, kisha akakilea hatua kwa hatua mpaka kikafikia ukamilifu wake.

Tazama basi chembe nyekundu ya damu. Mtoto angali tumboni, damu yake hutengenezwa kwanza katika kifuko kidogo kilichoambatana na mimba, kisha katika ini, na mwishowe kazi hukabidhiwa uboho wa mifupa. Humo, kwa mtu mzima, chembe nyekundu zipatazo milioni 2 huzaliwa kila sekunde! Chembe changa huwa na kiini. Lakini ikaribiapo kukomaa hukitupa, ili nafasi yote iwe ya himoglobini, yenye madini ya chuma, ichukuayo oksijeni kutoka mapafuni. Tangu hapo haiwezi kuzaa nyingine. Hutumika siku 120 hivi, kisha huvunjwa katika bandama na ini, na chuma chake hurudi ubohoni kutengenezea nyingine. Chembe nyeupe zipiganazo na vijidudu nazo zatoka ubohoni humo.

Atasema mtu: kazi hii yaongozwa na figo, ambazo oksijeni ikipungua hutoa homoni ya kuuhimiza uboho. Ni kweli. Lakini mtumishi akitekeleza amri, je, hiyo ndiyo hoja ya kwamba hakuna aliyeamuru?

Basi atoaye damu mililita 450 hivi hurudishiwa majimaji yake kwa siku moja au mbili, na chembe nyekundu kwa majuma kadhaa. Ndiyo sababu huko Tanzania mwanamume hungoja miezi 3 kabla ya kutoa tena, na mwanamke miezi 4.

Ama dini, Karl Landsteiner alipotangaza makundi ya damu mwaka 1901, hakukuwa na kundi la Waislamu wala la Wakristo. Imani haikai katika chembe ifayo baada ya miezi minne. Na Kurani Tukufu, katika Sura Luqman, hata pale wazazi wanapomshurutisha mtoto amshirikishe Mungu, yamkataza kuwatii katika hilo tu, na yamwamuru akae nao kwa wema. Sembuse mama huyu, ambaye hakumshurutisha lolote!

Nilimjibu ndugu yetu ale vizuri, aende hospitali siku hiyohiyo, na aseme kweli yote atakapoulizwa habari za afya yake. Na vipimo vikionyesha kwamba damu yake haipatani na ya mama, atoe vivyo hivyo. Itamfaa mama wa mtu mwingine.